Kigingi cha Nane

Najua sifa zangu. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya gwaride la Ijumaa nikatangaza kwamba mwalimu mkuu amepata uhamisho, shule nzima ikashangilia, kumbe mwenyewe yuko nyuma yangu ameshika kikombe cha chai. Kwa hivyo nikikwambia kwamba haya si mzaha, una haki ya kutabasamu. Tabasamu basi, umalize, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Kayole, na Oti alikuwepo. Oti ni rafiki yangu wa bloku ya pili, na hajui kudanganya hata kama uongo ungemwokoa. Utaona kwamba siku ile hilo ndilo lililomwokoa.

Nyuma ya fleti zetu, ukipita gereji na kanisa la mabati, kuna timbo la zamani la mawe. Walichimba hapo miaka na miaka, wakabeba mawe yote, shimo wakatuachia sisi. Mvua ikalijaza. Matete yakaota, kwarara wakahamia na midomo yao mirefu na makelele yao ya alfajiri, na vyura wakaja kwa maelfu. Sisi tunapaita Kwari. Watu wazima wanapaita "pale pa mbu".

Mwaka juzi tukasikia kuna mradi. Barabara itapita Kwari, na kando yake zitajengwa fleti. Sasa, sheria inataka kwamba kabla mradi kama huo haujapewa kibali, waje wataalamu waangalie utaharibu nini: miti gani, ndege gani, vyura gani, maji yataelekea wapi. Wanaandika ripoti. Ripoti ikisema kona fulani ina viumbe, mradi unaambiwa uikwepe. Ikisema hakuna kitu, tingatinga linapita na dereva wake anapiga mluzi.

Ndipo anapoingia binamu yangu Nekesa. Nekesa alisomea mazingira chuo kikuu, halafu akakaa kwetu miaka miwili akilala kwenye kochi na kutuma maombi ya kazi. Mama alimwombea mpaka mchungaji akamjua kwa jina bila kumwona. Mwishowe akapata: kampuni iliyopewa kazi ya ripoti ikamwajiri ahesabu wanyama wa Kwari. Jina lake lingekaa ukurasa wa kwanza. Ilikuwa kazi yake ya kwanza, na kwa jinsi Mama alivyoitangaza sokoni, ungedhani Nekesa amechaguliwa kuwa mbunge.

Msaidizi wake akashikwa na malaria. Ilikuwa likizo ya Novemba, mimi na Oti tumemaliza kidato cha tatu na hatuna la kufanya ila kuhesabu mbu. Nekesa akatuchukua.

"Sikilizeni nyinyi wawili," akatuambia jioni ya kwanza. "Kuna vigingi vinane kuzunguka maji. Mkifika kwenye kigingi mnazima tochi, mnanyamaza dakika tatu ili vyura wawasahau. Halafu mnasikiliza dakika tano, mnaandika sauti gani na wangapi."

"Anyamaze dakika tatu?" Oti akauliza, kidole kikinielekea. "Huyu?"

"Atajaribu. Na sasa jambo kubwa kuliko yote. Mkifika na msisikie kitu, andikeni 'hakuna'. Msipofika, iwe ni mvua, iwe ni mbwa, andikeni 'hatukufika'. Msije mkachanganya. Kutofika si dhambi. Lakini mkiandika hakuna, watu watajenga juu ya hilo neno."

Nikapiga saluti. Kazi yenyewe ilikuwa tamu, nisikufiche. Nekesa alitufundisha sauti kwa kutuchezea rekodi, na sisi tukazipa majina yetu. Kuna chura anayelia kama chupa ikitolewa kizibo, huyo tukamwita Kizibo. Kuna wa kukwaruza kama bawaba kavu, tukamwita Mlango. Na kuna mmoja mnene anayekoroma chini ya majani, tukamwita Babu. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, tulifanya kazi sawasawa. Mimi nilinyamaza dakika tatu kila kigingi. Oti alisema ni muujiza wa pili baada ya maji kugeuzwa divai.

Usiku wa nne ulikuwa Jumamosi. Nekesa alichukua vigingi vinne vya kwanza, ng'ambo ya maji. Sisi tukapewa cha tano hadi cha nane. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, na saa tatu kulikuwa na mechi kubwa kwenye banda la mpira, pale ambapo ukichelewa unatazama visogo vya watu. Cha tano tukakisikiliza vizuri. Cha sita, vizuri. Cha saba, nusu nusu. Kigingi cha nane kiko kona ya mwisho, nyuma ya matete, na njia yake ni tope la kumeza kiatu na kurudisha soksi.

"Buda, kama hatuendi tuandike hatukufika," Oti akasema.

"Ukiandika hivyo Nekesa anaturudisha saa hii hii. Mpira utausikia kwa jirani."

"Basi andika Kizibo watatu."

"Atauliza walikuwa upande gani wa jani. Huyo ni Nekesa. Huyo atauliza chura alikuwa amevaa nini."

Nikakaa kwenye jiwe kando ya kigingi cha saba, nikawasha tochi ya simu, nikaandika kwa mwandiko wangu safi kabisa: Kigingi cha nane. Saa mbili na nusu. Hakuna.

Nilipoweka nukta, kona ile ikanyamaza.

Sisemi Kwari yote. Huku kwetu vyura waliendelea, ng'ambo waliendelea. Ni kona ya nane peke yake. Umewahi kuona stima ikipotea bloku moja tu, na nyingine zote zinawaka? Ilikuwa hivyo. Na ndipo nilipogundua kwamba mpaka dakika ile kona ile ilikuwa inapiga kelele kuliko zote. Tulikuwa tunaisikia muda wote huo. Hatukuwa na haja hata ya kuingia tope.

Matete yakatikisika, akatoka mwanamke.

Usitegemee nikwambie alikuwa na kwato au macho ya moto. Alikuwa mama wa kawaida, wa kukuuzia sukuma wiki na kukuongezea majani mawili. Kitambaa kichwani, sweta, ndala, na mgongoni amefunga leso iliyobeba mtoto.

"Habari zenu, watoto."

"Salama, mama."

"Nyinyi ndio mnaandika?"

Hapo sikushtuka, na nitakwambia kwa nini. Huku kwetu mtu akionekana na fomu mkononi, habari hutangulia kwamba watu wanaandikwa fidia. Tangu tuanze kazi, watu watatu walikuwa wametujia tuwaandike. Mmoja alijenga choo cha mabati usiku kucha ili kihesabiwe. Kwa hivyo nikamjibu kama nilivyowajibu wenzake.

"Tunaandika vyura, mama. Wewe naona si chura, lakini usikate tamaa."

Oti akanipiga kiwiko. Mama hakucheka wala hakukasirika. Akaonyesha kona ya nane kwa kidevu.

"Natoka pale. Mmeniandika vipi?"

"Pale tumemaliza."

"Nisomee."

Mpaka leo sijui kwa nini nilimsomea. Nilinyanyua fomu, nikasoma kama mtoto wa chekechea. "Kigingi cha nane. Hakuna."

"Ulifika?"

"Nilifika."

Hapo ndipo nilipoiona ile leso. Sweta yake ilikuwa kavu, kitambaa kikavu, lakini leso ilikuwa inadondoka, tone baada ya tone, juu ya ndala. Na hayakuwa maji. Kila tone liliteremka polepole, likivuta uzi, kama mrenda unapouinua kwa kijiko. Na kilichobebwa ndani kilikuwa kinavimba na kusinyaa, kinavimba na kusinyaa, upesi upesi. Nimelea watoto wa majirani, nimewabeba wengi. Hakuna mtoto anayepumua hivyo. Hivyo ndivyo koo la chura linavyofanya.

"Ulifika?" akauliza mara ya pili, kwa upole ule ule.

"Nilifika, mama."

Oti akaanza kulia. "Mama tusamehe! Hatukufika! Haki hatukufika, tulikuwa tunakimbilia mpira!"

Mama akamtazama. "Wewe uko," akamwambia, kama daktari anayemwambia mgonjwa aende nyumbani. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe?"

Najua unachosema hapo ulipo. Si ungekiri tu? Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti na taa inawaka. Mimi nimedanganya walimu, nimedanganya mabawabu, nimemdanganya hata mchungaji, na sijawahi kurudi nyuma mbele ya mtu. Uongo wangu nilikuwa nauonea fahari. Nikasema, "Haki ya Mungu, nilifika. Kule hakuna kitu."

"Basi sawa."

Akasogea mpaka kwenye kigingi cha saba. Akaniangalia pale nilipokaa, na niamini, aliniangalia kama unavyoangalia jiwe tupu kabla hujakalia.

"Na mimi nimefika hapa," akasema. "Hakuna."

Halafu akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya Kizibo. Ikatoka ya Mlango. Ikatoka ya Babu, na nyingine ambazo hazikuwa kwenye rekodi za Nekesa, zote pamoja, makumi kwa makumi, na midomo yake haikutikisika. Ni koo tu lililovimba chini ya kitambaa, jeupe, limejaa, kubwa kama kichwa chake.

Tulikimbia. Ndala yangu moja iko Kwari mpaka leo.

Tukakimbilia kwenye watu, na watu walikuwa banda la mpira. Mlinzi akamkamata Oti mlangoni, akadai chake. Mimi nikapita mbele ya pua yake, hakuniangalia. Nikaona hiyo ni bahati. Nikacheka, hata! Nikamwambia Oti, "Umeona? Mimi sasa ni wa bure." Oti hakucheka.

Nyumbani Mama alikuwa anapakua. Hapa nikueleze kitu. Kwetu, watu wa magharibi, watoto hawahesabiwi. Mama hawezi kusema "tuko wanne", anaogopa kuwaitia watoto balaa. Yeye huhesabu sahani. Usiku ule akatoa sahani tatu: ya Baba, ya Nekesa, ya kwake. Nikachukua yangu mwenyewe kabatini. Akaniona, akashtuka kidogo, akasema, "Aii, mwanangu, nimechoka leo."

Kesho yake, tatu. Kesho kutwa, tatu. Wiki ya pili, wakati wa maombi ya jioni, Mama akawataja wa nyumbani kwa majina, mmoja mmoja, akafika mwisho akasema amina. Hakunitaja. Sasa elewa uzito wake: katika orodha ya Mama ya wanaomhitaji Yesu, mimi nimekuwa wa kwanza tangu darasa la tatu. Hajawahi kuniruka. Usiku huo sikulala.

Januari tukafungua, kidato cha nne. Madam, mwalimu wetu wa darasa, akaita majina.

Langu halikuitwa. "Niko hapa, Madam!" Akainua kichwa, akaangalia dirishani, akaendelea. Darasa likacheka, wakadhani ni mchezo wangu mpya. Nami nikaupokea kicheko, nikainama kama msanii.

Halafu ikaja orodha ya kusajiliwa mtihani wa taifa. Ikabandikwa ukutani: wanafunzi arobaini na sita. Sisi tuko arobaini na saba. Oti akanipeleka kwa Madam akinishika mkono, kwa sababu nikiwa na Oti watu walinisikia kidogo. Madam akaandika jina langu kwenye kompyuta mbele ya macho yangu. Akachapisha. Halimo. Akaandika tena. Halimo.

"Hii mashine!" akasema. "Mwisho ni Ijumaa. Njoo kesho." Nilipofika mlangoni nikamsikia akimwuliza Oti, "Ulikuwa unataka nini, Otieno? Mbona umekuja peke yako?"

Miaka mitatu, msomaji wangu. Ugali wa shule miaka mitatu, viboko vya fizikia, kuamka saa kumi na moja, halafu usifanye mtihani kwa sababu hupo! Na mtihani ulikuwa sehemu tu ya shida. Unadhani baada ya Madam ni nani? Baada ya Mama kuacha kukutaja, ni nani atakayekutafuta?

"Ni yule mama," Oti akaniambia njiani. "Nenda ukaseme hukufika."

"Nikisema, Nekesa ameisha."

Kwa maana ripoti ilikuwa tayari. Nekesa aliileta nyumbani akatuonyesha ramani. Kwa kuwa kigingi cha nane hakikuwa na kitu, barabara ilikuwa imepindishwa ipite kona ile, na udongo wote wa kuchimbua ungemwagwa pale. Kona nyingine zote walikuwa wameambiwa wazikwepe. Kona ya nane ndiyo iliyotolewa. Siku ya kutia sahihi ilikuwa Jumatano.

Jumanne jioni nikamkuta anapiga pasi gauni la kwenda kutia sahihi. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, karibu na sikio. Akaendelea na kola. Nilikuwa kama redio ya chumba cha pili. Nikasema, "Dada, kigingi cha nane sikufika."

Pasi ikasimama.

"Umesema nini?"

"Sikufika. Niliandika hakuna. Nilikuwa nakimbilia mpira."

Akaniangalia, na ilikuwa mara ya kwanza katika mwezi mzima mtu wa nyumba ile kuniangalia machoni. Nilitaka kulia kwa furaha. Yeye hakuwa na furaha.

"Unajua ni jina la nani liko ukurasa wa kwanza?"

"Lako."

"Wewe na mzaha wako. Miaka miwili nimelala kwenye kile kochi." Akachomoa pasi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Vaa viatu."

Tulifika Kwari jua likizama. Ilikuwa Januari, kiangazi, maji yamerudi katikati na tope limepasuka vipande vipande. Tukatembea mpaka kigingi cha nane, na niliona haya jinsi ilivyokuwa karibu. Hatua sitini, labda sabini. Tukazima tochi. Dakika tatu. Dakika tano. Kimya.

"Wamelala chini ya udongo," Nekesa akasema. "Kiangazi hawalii. Sasa niandike nini? Siwezi kuandika wapo, sijawasikia. Siwezi kuandika hawapo." Akatoa kwenye mkoba ile fomu yenyewe, yenye mwandiko wangu safi, akanipa kalamu. "Andika ukweli. Kwa mkono wako."

Nikakata neno hakuna. Nikaandika: Hatukufika. Nikatia jina langu. Halafu, kwa sababu nilikuwa najua nani anasikia, nikasema kwa sauti, "Sikufika, mama. Nilikudanganya. Nisamehe."

Chini ya miguu yetu, ndani ya udongo mkavu kama tofali, ikatoka sauti moja ya kizibo.

Mimi nilimshika Nekesa mkono. Yeye alinitoa mkono, akaangalia saa, akaandika. "Mmoja," akasema. "Saa moja na dakika nane." Huyo ndiye Nekesa. Hata mzimu ataujazia fomu.

Ijumaa asubuhi orodha mpya ilikuwa ukutani. Jina langu lilikuwa chini kabisa, nambari arobaini na saba. Halikuchapishwa. Liliandikwa kwa mkono, na karatasi pale ilikuwa imevimba kwa unyevu. Madam akaligusa, akanusa kidole. "Nani ameandika hapa na maji ya mtaro?" Kisha akaniona nimesimama nyuma yake. "Na wewe umekuwa wapi wiki mbili?" Akanichapa. Sijawahi kuchapwa nikafurahi vile.

Nekesa alimwambia mkubwa wake kwamba ripoti ingoje mvua, kigingi cha nane kihesabiwe upya. Mkubwa akamshukuru kwa uaminifu wake, akampa kazi mtu mwingine. Kochi likampokea tena. Alipokuja kuniambia hakunilaumu, na hilo linaniuma kuliko lawama.

Februari wakaja watu wawili. Walikuja saa tisa mchana, jua kali, injini ya gari ikinguruma muda wote. Mmoja alivaa tai. Wakapiga picha tatu bila kushuka mpaka majini, wakaondoka. Muuza chai wa gereji aliniambia walikunywa chai kikombe kimoja kimoja, na haikupata hata kupoa.

Machi kukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, wananchi watoe maoni. Ripoti ilikuwa mezani mlangoni. Nekesa akaifungua, nami nikachungulia begani kwake. Vigingi vinane, mistari minane. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mpaka chini.

Tukakaa. Chifu akasimama mbele, akatazama saa yake. "Wananchi, tunaomba mtuvumilie. Wataalamu hawajafika."

Lakini walikuwa wamefika. Walikuwa wamesimama kando yake, wote wawili! Yule wa tai ameshafungua kompyuta. "Tuko hapa, Chifu," akasema. Chifu akakuna shingo. "Tuko hapa!" Watu wakaendelea kujipepea. Nikamwuliza Nekesa, "Unawaona?" "Nani?" akaniuliza. Nikamwuliza Oti. Oti akatazama uso wangu, akaanza kusali.

Yule wa tai alipita safu kwa safu, akitazama watu machoni, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwangu akasimama.

"Wewe unaniona," akasema. "Kijana, waambie tuko hapa."

Nikamnong'oneza, "Kuna mama aliwauliza kitu?"

"Kuna mama alitujia kwenye gari. Alitaka kusomewa fomu."

"Ulifika kwenye vigingi?"

Akanyoosha tai. "Nilifika."

"Mzee, sema hukufika. Sema tu. Ni neno moja."

"Mimi ni mtaalamu," akasema. "Nilifika. Hakuna kitu pale."

Mwenzake alikuwa ametusikia. Alikuja, akaninyang'anya kalamu kutoka mfukoni, akaenda kwenye ile ripoti mlangoni, akaandika "hatukufika" akilia. Mama mmoja wa kwaya akapiga yowe: "Huyu ametoka wapi?" Ukumbi mzima ukageuka. Alikuwa mmoja tu. Mkutano ukaahirishwa, mradi ukasimamishwa mpaka vigingi vyote vihesabiwe mvua ikinyesha. Safari hii aliyeitwa ni Nekesa.

Mtihani nilifanya. Lakini kila orodha ninayoandikwa, hata iwe ya kuchezea mpira, jina langu huwa la mwisho, na mahali pake karatasi huvimba kwa unyevu. Na mimi peke yangu ndiye ninayeendelea kumwona yule wa tai. Yuko Spine Road, anapungia magari mkono. Hayasimami.

Kwa hivyo nakuonya, wewe unayejaza fomu yoyote, ya vyura au ya watu. Pale usipofika, andika hukufika. Utatukanwa, pengine utafukuzwa, lakini utakuwa upo wa kutukanwa. Na ukisimama mahali penye matete akaja mama mwenye leso inayodondoka, akataka umsomee, usiape. Usiape kabisa.

Bado huniamini? Jana jioni yule mtu alinifuata mpaka mlangoni kwetu. Shati limemning'inia, tai ingali shingoni. Hakuniomba chakula. Aliniomba nimwandike jina lake mahali popote, hata ukutani, mradi liwe limeandikwa. Nikamhurumia. Nikachukua chaki ya mdogo wake Oti, nikamwuliza anaitwa nani.

Akafungua mdomo. Akafikiri. Akafikiri mpaka mvua ikaanza kunyesha, na chaki ikalainika mkononi mwangu.